Ethi ndani ya boksi la umeme: kulupu au mkia, boksi la chuma au la plastiki?

Nyutro (waya unaorudisha umeme) ikilegea, taa zinakonyeza na fundi anaitwa siku hiyohiyo. Laini (waya unaoleta umeme) ikigusana na nyutro, breka inaruka kabla hujamaliza kushtuka. Ethi (waya wa ulinzi) ikikatika, huoni kitu: friji inagandisha, pasi inapata moto, simu inajaa chaji. Watu wanaishi hivyo miaka, mpaka siku ile waya wa laini ndani ya mashine ya kufulia unapochubuka na kugusa bodi ya bati. Kwa hiyo mtu akikwambia namna yake ya kufunga ethi ni nzuri kwa sababu "mbona inafanya kazi", bado hajakwambia lolote.

Hapa nalinganisha kwa kipimo kingine. Soketi hii ikitolewa ukutani kesho, je, soketi zinazofuata zinabaki na ethi? Na skrubu moja ikilegea, nani anapoteza ulinzi? Karibu kila uamuzi ulio hapa chini unaegemea maswali hayo mawili. (Pale sheria inapotaka fundi mwenye leseni, mwite. Na awe nani atakayefungua boksi, meni swichi inazimwa kwanza, kisha waya unapimwa kabla ya kuguswa.)

Ethi na bondi: rangi moja, kazi mbili

Nyaya zote mbili kwa kawaida huwa kijani chenye mstari wa njano, au kwa Marekani kijani kitupu ama shaba isiyovikwa kitu, ndiyo maana huchanganywa. Ethi kazi yake ni kuurudisha umeme uliopotea njia hadi kwenye chanzo chake, tena kwa wingi wa kutosha kuifanya breka ikate. Bondi kazi yake ni kuvifanya vyuma unavyoweza kuvishika kwa pamoja viwe na volti moja, ili mkono mmoja ukiwa kwenye bomba la maji na mwingine kwenye jiko, pasiwe na kitu cha kuusukuma umeme kupitia kifuani.

Wengi wanaamini ethi inamwaga umeme ardhini, na kwamba fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje ya nyumba inatosha kwa yote. Tupige hesabu. Volti 230, fimbo yenye ukinzani wa omu 100, jambo la kawaida kwenye udongo mkavu: zinapita ampea 2.3. Birika la wati 2,000 linakula karibu ampea 8.7 na breka ya ampea 16 wala haijali; hizo 2.3 haitazisikia kabisa, na bodi ya mashine itaendelea kukaa na umeme. Sasa fanya njia ya kurudi iwe ya waya mwanzo hadi mwisho, jumla yake omu 1. Zinapita ampea 230. Breka ya aina B ya ampea 16 inalazimika kukata papo hapo ikifikia mara tano ya kiwango chake, yaani ampea 80, kwa hiyo hapo inaruka bila kusita. Nyumba ambayo ethi yake inategemea fimbo peke yake, mfumo unaoitwa TT, inahitaji RCD (swichi inayokata ikihisi umeme unavuja) bila mjadala: RCD ya miliampea 30 inaziona zile ampea 2.3 kama mafuriko.

Ndani ya boksi, ethi ni ule waya unaoingia na kebo. Bondi ni kipande kifupi kinacholishika bati la boksi na kulifunga kwenye ethi. Bondi kubwa, ile ya mabomba ya maji na gesi, haina shughuli kwenye boksi la soketi. Inaanzia kwenye terminali kuu ya ethi karibu na meni swichi, na kwa kanuni za Uingereza, BS 7671, haipungui milimita za mraba 6, mara nyingi ikiwa 10. Ukimwona mtu anaifunga kwenye ethi ya soketi yenye milimita za mraba 1.5 kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, mzuie.

Boksi la chuma au la plastiki

La chuma haliungui, halipasuki fundi akikaza skrubu kwa hasira, na linavumilia plasta, nyundo na miaka. Tatizo lake ni kwamba lenyewe linapitisha umeme. Tundu la kuingizia waya likiachwa bila grometi (pete ya mpira ya kufunika ukingo), ukingo wake mkali unaweza kuichubua laini, na hapo bati lote linapata umeme, pamoja na zile skrubu mbili za mbele unazozigusa ukifuta vumbi kwenye soketi. Likiwa na ethi nzuri, hitilafu hiyo inarusha breka. Likiwa halina, ni afadhali ungeweka la plastiki.

La plastiki halina bati la kulinda, kwa hiyo waya wa bondi haupo na kazi moja imepungua. Nyuzi za skrubu zake hulika mapema ukifungua na kufunga mara nyingi, na yale mepesi hujipinda yakizungushiwa plasta. Lakini kasoro kubwa ya boksi la plastiki iko vichwani mwetu. Fundi akiona boksi ni plastiki na swichi ni plastiki, anaikata ethi ya kwenye swichi kwa kuwa "haina pa kuifungia". Baadaye mwenye nyumba ananunua swichi za kupendeza zenye uso wa chuma. Uso ule una terminali yake ya ethi kwa nyuma, na boksi la plastiki haliwezi kuusaidia kwa lolote. Kinachotakiwa ni ule waya uliokatwa. Ethi isiyo na kazi leo inaingizwa kwenye konekta ndogo na kulazwa nyuma ya boksi. Vivyo hivyo kwenye dari: taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji ethi, ila itakayokuja kuwekwa baada yake huenda ikaihitaji.

Uamuzi wangu hapa unafuata bomba. Waya zikipita kwenye mabomba ya chuma, weka maboksi ya chuma. Zikipita kwenye mabomba ya plastiki, maboksi ya plastiki yanatosha nyumbani. Mchanganyiko ndio unaohitaji macho. Boksi la chuma mwishoni mwa bomba la plastiki halina ethi yoyote isipokuwa uliyoileta kwa waya. Na boksi la plastiki likiwekwa katikati ya mabomba mawili ya chuma, limeyakata: lazima urushe waya kutoka bomba moja hadi la pili, la sivyo bomba la mbele linabaki yatima.

Kulupu au mkia

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kuliko mingine yote.

Kulupu ni hivi: ethi inayoingia na ethi inayotoka zote zinachomekwa kwenye terminali ya soketi, na soketi yenyewe ndiyo inayoziunganisha. Mkia ni hivi: ethi inayoingia, inayotoka, na kipande kimoja kifupi zinakutana kwenye konekta ndani ya boksi, kile kipande kifupi peke yake ndicho kinachokwenda kwenye soketi. Boksi likiwa la chuma, kinaongezwa kipande kingine kinachokwenda kwenye skrubu ya bati.

Itazame terminali yenyewe kwa karibu. Ni tundu la shaba nyeupe lenye skrubu moja juu. Ukisukuma humo nyaya mbili za unene mmoja, skrubu inaziminya sawasawa. Ukisukuma tatu, ya katikati inaminywa na zile mbili za pembeni zinasogea kando na kubaki zimeegemea tu. Ukichanganya waya mmoja mzito wa uzi mmoja na mwingine wa nyuzi nyingi nyembamba, skrubu inakita juu ya ule mzito na mwembamba unapona bila kuminywa. Kwa macho kila kitu kimekaa vizuri. Vuta kila waya kwa plaizi, mmoja mmoja, ndipo utaona ni upi ulikuwa unakudanganya.

| Unacholinganisha | Kulupu | Mkia |
|---|---|---|
| Soketi ikitolewa | Ethi ya mbele inakatika (saketi isiyo ya mviringo) | Ethi ya mbele inabaki |
| Skrubu ya soketi ikilegea | Kila kilicho mbele yake kiko hatarini | Soketi hiyo moja tu |
| Nafasi ndani ya boksi | Inatosha hata boksi lenye kina kidogo | Inataka boksi lenye kina |
| Idadi ya maungio | Machache | Moja au mawili zaidi |
| Kutafuta hitilafu | Unafungua soketi moja baada ya nyingine | Kosa linajitenga lenyewe |

Kanuni za Marekani (NEC) hazikuachii uchaguzi mpana: maungio ya ethi ndani ya boksi yapangwe hivi kwamba kuondoa soketi au taa kusikatishe ethi ya vinavyofuata. Uingereza kulupu ni desturi ya kawaida, na ina sababu: soketi nyingi huko huwa kwenye saketi ya mviringo, ambayo ethi yake inarudi kwenye bodi ya breka kwa ncha mbili. Ukitoa soketi moja, zilizobaki bado zina upande wa pili. Ila utetezi huo unasimama mradi tu mviringo mzima haujakatika mahali pengine, na kama nilivyosema, ethi ikikatika haipigi kelele.

Mahali palipo na vifaa vingi vinavyovujisha umeme kidogokidogo kupitia ethi, kama chumba kilichojaa kompyuta, tafuta soketi zenye terminali mbili za ethi, kila waya na tundu lake. Hapo kulupu inakuwa na heshima.

Nikiulizwa, saketi ya mstari, yaani inayotoka kwenye bodi na kuishia kwenye soketi ya mwisho, naweka mkia kila boksi. Saketi ya mviringo yenye soketi nzuri, kulupu haininyimi usingizi. Na boksi la kina cha milimita 25 lenye kebo tatu ndani, nabadilisha boksi kwanza, niweke la 35 au 47, badala ya kukandamiza konekta mpaka soketi inasukuma nje kama uso uliovimba.

Urefu wa mkia nao una maana. Ukiwa mfupi mno, fundi wa kesho ataung'oa akivuta soketi. Kanuni za Marekani zinataka waya ulio huru ndani ya boksi uwe angalau wa sentimita 15. Na popote pale, kwenye boksi au kwenye plagi, ethi iachwe ndefu kuliko laini na nyutro. Kebo ikivutwa kwa nguvu, ethi iwe ya mwisho kuchomoka.

Waya wa boksi, au kutegemea skrubu za soketi?

Soketi yenye fremu ya chuma inakaza kwenye boksi la chuma kwa skrubu mbili. Je, skrubu hizo si ethi tosha?

Wakati mwingine ndiyo. Maboksi ya Uingereza huwa na sikio moja lisilosogea na jingine linalosogea ili kunyoosha soketi. Lile lisilosogea limeshikamana na bati, lile linalosogea halina uhakika. Marekani kuna soketi zenye kipande cha springi ya shaba kwenye skrubu ya kufungia, zilizotengenezwa mahususi ili kushika boksi bila mkia, na kanuni zinazikubali. Soketi ya kawaida isiyo na springi, iliyokaa juu ya plasta na kushikwa na skrubu pekee, siihesabu kabisa: plasta ikiliwa, skrubu inacheza.

Mwelekeo nao uangalie. Skrubu zinaweza kupeleka ethi ya boksi kwenye soketi, au ya soketi kwenye boksi. Mahali ambapo bomba la chuma ndilo ethi, boksi ndilo linaloleta, na soketi bila mkia inaning'inia kwenye bahati ya skrubu mbili. Mahali ambapo kebo ina waya wake wa ethi uliofungwa kwenye soketi, ni boksi ndilo linalopokea. Mimi naweka kipande cha waya pande zote mbili za hesabu hiyo. Kinamaliza ubishi kwa dakika mbili.

Kwenye bati, tumia tundu lililotobolewa na kukatwa nyuzi kwa ajili ya ethi, na skrubu ya mashine inayoshika angalau nyuzi mbili. Skrubu ya ubao au ya bati inayojichimbia yenyewe haifai, hata kama imekaza vizuri leo. Na kama boksi lina rangi, kwangua mpaka chuma king'ae pale kichwa cha skrubu kinapokaa.

Konekta ipi

Kusokota nyaya kwa plaizi na kuzungushia tepu sitakulinganishia na kitu. Gundi ya tepu inayeyuka, shaba inafanya kutu, na ethi ndiyo ya mwisho kujulikana.

Konekta za ukanda wa plastiki zenye skrubu mbili kila tundu zinapatikana kila mahali na zinaonyesha wazi kilichomo. Udhaifu wake ni skrubu: ukikaza kidogo inalegea, ukikaza sana inakata waya mwembamba. Kwa waya wa nyuzi nyingi, vika ncha kifuniko cha kuminya kwanza. Konekta za kofia, zile za kusokota, ni hodari zikiwa za ukubwa unaolingana na idadi na unene wa nyaya. Ukubwa usio sahihi unashika nje na kuacha ndani. Zenye kilemba kilichotobolewa juu zinaruhusu ethi moja itokee kama mkia bila kukata, kitu kizuri sana.

Konekta za klipu, zile za kuinua kidole, kuingiza waya na kukilaza, ndizo chaguo langu kwa mkia. Kila waya una chumba chake, kwa hiyo suala la wa katikati kukosa kuminywa halipo, na nyuzi nyingi na uzi mmoja zinakaa pamoja bila kugombana. Ubavuni ni plastiki angavu, unaona kama shaba imefika mwisho. Bei yake iko juu kidogo na zinataka nafasi. Chuna waya kwa urefu ule uliochorwa kwenye konekta yenyewe, usikadirie kwa jicho.

Waya wa alumini usichanganywe na wa shaba kwenye konekta yoyote isiyoandikwa kwamba inakubali vyote viwili. Hilo halina mjadala.

Bomba la chuma kama ethi, au waya wake?

Bomba la chuma lililofungwa vizuri ni njia pana ya umeme, na kanuni kadhaa zinalitambua kama ethi. Lakini uzima wake ni uzima wa kila nati njiani. Bomba lililo kwenye ukuta mbichi linaota kutu kwenye maungio, na mtu akilikata kupitisha kitu kingine, hakuna atakayejua. Kama bomba lina nafasi, pitisha waya wa ethi ndani na ufunge bomba nalo kila boksi. Kwa saketi za kawaida za nyumbani unene hauhitaji hesabu ndefu: kwa kanuni za Uingereza, ethi yenye unene sawa na laini hadi milimita za mraba 16 inakubalika moja kwa moja.

Kebo ya zamani haina ethi kabisa

Hapa kuna njia tatu, na moja ni ya kukataa hata ukiombwa na mwenye nyumba. Nayo ni kurusha kipande cha waya kutoka nyutro hadi terminali ya ethi ndani ya soketi. Kipimaji cha taa tatu kitasema kila kitu ni sawa. Kisha nyutro ikatike popote kati ya soketi na bodi, na umeme wa laini utapita kwenye kifaa kilichowashwa, uingie kwenye nyutro, uvuke kile kipande, na kuvipa volti 230 vyuma vyote vilivyochomekwa hapo. Nyutro na ethi hukutana mahali pamoja, kwenye chanzo cha umeme au kwenye bodi kuu kulingana na mfumo, na si ndani ya boksi la soketi.

Njia ya pili ni RCD ya miliampea 30 bila ethi. Haileti ethi, inakata mtu akishaanza kupitisha umeme, kwa hiyo utahisi mkwaruzo kabla haijaruka. Ni nafuu kubwa kuliko kuacha hivyohivyo. Ya tatu, kuvuta waya wa ethi mpya kutoka kwenye bodi, ni kazi ya vumbi na ndiyo ninayoichagua popote penye jiko, bafu, pampu au mashine ya kufulia. Vyumba vya kulala vinaweza kusubiri na RCD mpaka nyumba itakapopigwa rangi upya.

Kipimaji cha taa tatu au mita

Kipimaji cha kuchomeka kinafaa kugundua laini na nyutro zilizobadilishana na ethi isiyokuwepo. Hakiwezi kutofautisha nyutro na ethi zilizobadilishana, hakioni ule mrusho wa hatari nilioutaja, na ethi inayoshikilia kwa uzi mmoja wa shaba inakiwashia taa vizuri kabisa, kwa kuwa taa zake zinakula umeme kidogo mno.

Mita ya omu, umeme ukiwa umezimwa, ndiyo inayosema kweli. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa karibu omu 0.0121 kwa kila mita, kwa hiyo mita 20 za ethi zinapaswa kusoma karibu omu 0.24 baada ya kutoa ukinzani wa nyaya za mita yenyewe. Ukisoma 0.3, endelea na kazi. Ukisoma 2 au 3, au namba ikichezacheza ukitikisa soketi, kuna ungio linalodanganya. Gawa saketi katikati, pima tena kutoka boksi hilo, na ufuate upande wenye namba kubwa.